Sare za wanaanga kwa filamu fupi: kuzibuni, kuzishona na kuzifanya zivalike

Maswali ni yale yale kila mara. Kitambaa gani? Zipu ikae mbele au mgongoni? Kwa nini sare niliyoshonesha inaonekana kama ovaroli ya gereji? Kwa nini mwigizaji akiketi kola inampanda hadi masikioni? Mwongozo huu unayajibu kwa kazi moja kamili: sare za watu wanne wanaofanya kazi kwenye chombo cha mizigo cha angani, katika filamu ya dakika kumi hadi ishirini, zikishonwa na fundi mmoja mwenye cherehani ya kawaida. Ukishaiweza kazi hii, sare za walinzi wa kituo au za wataalamu wa maabara ya Mirihi hazitakusumbua.

Shika jambo moja kabla hujagusa mkasi. Sare si nguo ya mhusika, ni nguo ya mwajiri wake. Ndani ya hadithi yako kuna mtu aliyetangaza zabuni, akanunua sare mia tano kwa saizi tatu, na hakujali kama zinampendeza yeyote. Anayeanza kwa kujiuliza "nguo za miaka 200 ijayo zitakuwaje" huishia kwenye kitambaa cha fedha kinachong'aa na mabega yenye ncha. Jiulize nani kanunua, nani anafua, na mvaaji anashinda akifanya nini. Majibu hayo matatu yanatoa zaidi ya nusu ya ubunifu wote.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambaa kikuu: mita 3.5 kwa sare moja kikiwa na upana wa sm 150. Kikiwa cha sm 115, hesabu mita 5. Kwa watu wanne na sare moja ya akiba ya mhusika mkuu, nunua mita 20 za upana wa sm 150, zote kutoka jora moja. Majora mawili ya "rangi ile ile" hayafanani, na taa za seti zitaanika tofauti ambayo dukani hukuiona.
- Kitambaa cha rangi ya pili kwa mabega na ubavu: mita 2.5 zinatosha sare zote tano.
- Amerikani, au mashuka makuukuu, mita 4 za kushonea sampuli.
- Zipu za koti zenye meno manene ya plastiki, sm 55 hadi 60, vipande 7 (mbili ni za akiba). Zipu za suruali za sm 18, vipande 7.
- Vifungo vya kubonyeza vya chuma, 12 kwa kila sare. Nunua 70, maana vichache lazima viharibike wakati wa kugongwa.
- Mpira bapa wa sm 2.5, mita 6.
- Gamu ya kola, ile inayogandishwa kwa pasi, mita 1.
- Uzi wa poliesta, sindano namba 14 na namba 16, futi, chaki, karatasi ya pateni (magazeti yaliyogundishwa yanafaa), na mkasi usiowahi kukata karatasi.
- Kamera yenyewe itakayorekodi filamu, hata kama ni simu. Utaihitaji tangu hatua ya pili.

Kuhusu aina ya kitambaa: chukua gabadini au drili ya mchanganyiko wa pamba na poliesta, uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Ni kitambaa kile kile cha sare za hoteli na viwandani, kwa hiyo Kariakoo, Eastleigh au soko lolote linalouzia mafundi wa sare hutakikosa. Muuzaji asipojua uzito, kifinyange ngumini, hesabu hadi kumi, achia. Kikibaki na mikunjo kama karatasi, pamba imezidi na utashinda na pasi seti nzima. Kikirudi kikiwa laini kabisa na kinateleza, poliesta imezidi na mwigizaji wako wa Dar au Mombasa ataloa kabla ya saa nne asubuhi.

Hatua ya 1. Andika ukurasa mmoja wa mwajiri

Sentensi kumi tu. Kampuni au serikali gani, tajiri au inabana matumizi, kuna joto au baridi ndani ya chombo, kuna uvutano au watu wanaelea, nani ana cheo na nani hana. Kisha weka kanuni moja ya kusomeka kwa sare na usiivunje. Kanuni inayofanya kazi vizuri ni hii: rangi ya mabega inaonyesha idara, mistari ya mkononi inaonyesha cheo. Mtazamaji ataielewa bila kuambiwa. Ukiongeza rangi ya mkanda kwa umri wa kazi na nyota za kola kwa sayari alikotoka, hataelewa hata ile ya kwanza.

Kutambulika si pambo. Katika picha za mwezini za Apollo 11 na Apollo 12, safari za NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1969, ilikuwa taabu kujua nani ni nani kwa kuwa suti zilifanana. Kuanzia suti za Apollo 13, kamanda aliwekewa ukanda mwekundu mikononi, miguuni na kwenye helmeti. Kama waigizaji wako watavaa helmeti au watapigwa picha kwa mbali, fanya kama NASA: alama moja nene, rangi moja, mahali panapoonekana mtu akiwa amegeuka.

Onyo: usibuni chochote kinachofanana na sare ya jeshi au polisi wa nchi yoyote ya ukanda huu, na kaa mbali kabisa na vitambaa vya mabaka mabaka. Tanzania, mwaka 2023, jeshi la nchi (JWTZ) lilitoa siku saba kwa wananchi kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. "Ni filamu tu" ni utetezi unaoutoa ukiwa tayari umesimamishwa barabarani na begi la nguo. Kama hadithi inahitaji wanajeshi, wabunie rangi isiyotumiwa na jeshi lolote, na hata hivyo omba kibali.

Hatua ya 2. Chagua rangi mbele ya kamera, si dukani

Nunua robo mita ya kila rangi unayoifikiria. Mkalishe mwigizaji, au mtu mwenye rangi ya ngozi kama yake, mtandaze kitambaa kifuani, washa taa utakazotumia, na rekodi nusu dakika kwa kila kipande. Tazama kwenye skrini kubwa.

Jicho na kamera havikubaliani. Mashati ya ukamanda ya Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya miaka ya 1960 kuhusu wasafiri wa angani, ambayo dunia nzima inayajua kuwa ya dhahabu, yalishonwa kwa kitambaa cha kijani. Taa na filamu za wakati huo ndizo zilizoyageuza. Kamera za leo zinafanya vituko vyake pia:

- Nyeupe safi inaungua. Kamera ikiirekebisha, uso wa mweusi wa ngozi unazama gizani. Unataka sare nyeupe? Ichovye kwenye chai ya rangi: mifuko 10 ya majani kwa lita 10 za maji ya moto, dakika 10 hadi 15, huku ukigeuza. Mezani itaonekana chafu kidogo, kwenye skrini ni nyeupe.
- Nyeusi tii inakula mishono yote. Mifuko, paneli na kazi yote ya fundi inakuwa kivuli kimoja. Tumia kijivu cha mkaa au bluu ya usiku.
- Mistari myembamba na vitambaa vya drafti ndogo ndogo vinacheza kwenye skrini kama maji. Epuka kabisa.
- Kama kuna pazia la kijani nyuma, lile ambalo mhariri huliondoa na kuweka mandhari nyingine, usivae kijani wala kitambaa kinachong'aa. Kinachong'aa kitaakisi kijani, na mhariri akikiondoa, mikono ya mwigizaji itatoboka.
- Angalia rangi ya kuta za seti. Sare ya kijivu kwenye seti ya kijivu inaacha vichwa vinaelea.

Hatua ya 3. Fua kitambaa kabla ya kukata

Kata mraba wa sm 30 kwa 30, ufue kama utakavyofua sare, kausha, piga pasi, pima. Ukipata sm 28.5, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5, na suruali ya sm 104 itapoteza zaidi ya sm 5. Basi fua mita zote 20 kwanza. Watu hukwepa hatua hii kwa sababu inachukua siku na haina raha. Yale mashati ya Star Trek yalikuwa ya velua, kitambaa kinachofanana na mahameli, na kila yakisafishwa yalirudi. Msimu wa tatu ilibidi wabadilishe kitambaa wahamie kwenye nailoni nzito ya kufumwa. Wao walikuwa na studio nyuma yao, wewe una fundi mmoja.

Hatua ya 4. Pima mtu anayeketi na kujongea

Vipimo vya kawaida, yaani kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono na urefu wa mguu, kila fundi anavijua. Ongeza vitatu ambavyo fundi wa mitaani huwa hachukui:

1. Mzunguko wa kiwiliwili: futi inaanzia katikati ya bega, inashuka mbele, inapita msambani, inapanda mgongoni hadi pale pale begani.
2. Mgongo mpana: kutoka kwapa hadi kwapa, mtu akiwa amejikumbatia.
3. Kimo cha kukaa: akiwa ameketi kwenye kiti kigumu, kutoka kiunoni ubavuni hadi kwenye kiti.

Nafasi ya kuongeza kwa kitambaa kisichovutika: sm 12 hadi 16 kifuani, sm 10 hadi 14 nyonga. Kama unashona ovaroli ya kipande kimoja, ongeza sm 8 kwenye mzunguko wa kiwiliwili, na usikubali fundi akuambie sm 3 zinatosha. Usidanganyike na nguo za kubana za likra pia. Star Trek ya 1987 ilianza na sare za spandeksi (ndiyo likra) za kipande kimoja, zilizokatwa ndogo makusudi ili zisikunjamane. Waigizaji wakaumwa migongo, na kufikia msimu wa tatu wahusika wakuu walikuwa wameanza kuhamishiwa kwenye sufu ya vipande viwili. Hiyo nayo ilipanda juu wakiketi, ndiyo maana utamwona nahodha akivuta koti chini kila anaposimama.

Hatua ya 5. Kata ovaroli ya uongo

Kipande kimoja kinapendeza kwenye picha na ni mateso kwenye seti. Mwigizaji akienda chooni anavua yote hadi magotini, anagusa sakafu na mikono ya sare, anarudi na alama ya maji mgongoni. Kwa mwigizaji wa kike ni mbaya zaidi, na atakunywa maji kidogo siku nzima ili kukwepa safari hiyo. Seti yenye joto haitaki mtu anayekwepa maji.

Kwa hiyo shona koti fupi na suruali vinavyoonekana kama kitu kimoja:

1. Suruali iwe na kiuno cha juu, sm 6 zaidi ya kawaida. Gongelea vifungo vinane vya kubonyeza kuizunguka kiunoni: vinne mbele, vinne nyuma.
2. Koti liishie kiunoni kwa ukanda wa sm 5. Ndani ya ukanda huo weka wenza wa vile vifungo. Vinne vya mbele vishonee moja kwa moja. Vinne vya nyuma vitie kwenye vipande vya mpira vya sm 4, ili akiinama koti lipande kidogo lisivute suruali.
3. Zipu ya koti na ya suruali zikae kwenye mstari mmoja. Zifunike zote kwa ukanda wa kitambaa wa sm 4 unaoshuka kutoka kola hadi chini ya kiuno. Ukanda huu ndio unaodanganya macho.
4. Mgongoni weka marinda mawili, moja kila upande kuanzia bega, kina cha sm 4. Yamejificha akisimama, yanafunguka akinyoosha mikono.
5. Kwapani weka kipande cha umbo la almasi, sm 11 kila upande. Hiki kinamwezesha kuinua mkono bila koti zima kupanda. Usikiruke.

Shona kwanza sampuli ya amerikani kwa mtu mmoja, mwenye mwili mkubwa kuliko wote. Ikimtosha na akaketi vizuri, wengine ni kupunguza.

Hatua ya 6. Shona

Utaratibu: mabega na paneli, mifuko ikiwa kitambaa bado kimelala, mikono, mishono ya ubavu, kola, zipu, kiuno, mwisho pindo. Sindano namba 14 kwa gabadini, 16 pale panapokutana tabaka nne. Hatua ya mshono mm 2.5 hadi 3. Acha akiba ya mshono ya sm 2 ubavuni na msambani, si sm 1, maana waigizaji hubadilishwa siku mbili kabla ya kurekodi.

Mshono wa msamba upigwe mara mbili, wa pili ukiwa mm 2 kutoka wa kwanza. Ndipo sare zote hupasukia.

Ukitaka ionekane ya kiwandani na si ya nyumbani, siri iko kwenye mishono ya juu. Piga mistari miwili sambamba, mm 6 kati yake, kwenye mabega, kifua na pande za mifuko, kwa uzi uliokoza kidogo kuliko kitambaa. Fundi akiipinda hata kidogo, mwambie afumue. Macho ya mtazamaji hayajui ni nini kimeharibika, ila yanajua kuna kitu.

Hatua ya 7. Mifuko na vifungio

Kila mfuko uwe na kazi. Mahali ambapo watu wanaelea, mfuko wa kando ya nyonga hauna maana: kila kitu kitatoka. Weka kwenye paja upande wa mbele na kwenye mkono wa juu, na kila mmoja ufungike. Mahali penye uvutano na mashine, mifuko ya kifua yenye kina kirefu inamwaga vifaa mtu akiinama.

Velkro ndiyo jibu la kweli la angani, na vituo vya anga vimejaa velkro. Lakini kwenye seti inapiga kelele inayoua mazungumzo. Tumia kifungo cha kubonyeza kwa mifuko inayofunguliwa wakati watu wanaongea, acha velkro kwa ile isiyofunguliwa kamwe. Nailoni nyembamba nayo inachakarika kila mwigizaji akipumua, na maiki ya kubana kifuani itainasa yote. Kwa maiki hiyo, shona mfuko mdogo wa pamba wa sm 4 kwa 3 nyuma ya ule ukanda wa mbele, na mwingine kiunoni nyuma kwa ajili ya kisambazio, kile kikasha kinachorusha sauti ya maiki. Mtu wa sauti atakushukuru.

Hatua ya 8. Nembo na majina

Nembo ya mkononi: upana wa sm 8, rangi zisizozidi tatu, umbo linalotambulika ukilitazama kwa macho nusu. Darizi ya kompyuta inapendeza kuliko chapa ya joto, ambayo inang'aa na kupasuka kwenye mikunjo. Jina la kifuani liwe na herufi zenye kimo cha mm 12 angalau. Chini ya hapo halisomeki mpaka kamera isogee usoni.

Na hakuna sheria inayosema angani wanaandika Kiingereza. MHANDISI, RUBANI na HATARI: MVUKE zinakaa vizuri sana kwenye kifua na mlangoni. Ila usitumie bendera wala nembo ya taifa kama pambo, zina sheria zake.

Hatua ya 9. Jaribio la kuvaa

Si kusimama mbele ya kioo. Mwigizaji avae sare na viatu vyake, kisha: aketi dakika tano, achuchumae, ainue mikono yote miwili juu ya kichwa, apande ngazi tatu, alale sakafuni na kuinuka, atoke kwenye sare na kuirudia peke yake bila msaada. Rekodi yote. Mavazi ya Star Trek ya sinema ya 1979 yalikuwa na viatu vilivyoungwa na suruali, na waigizaji walihitaji msaidizi kuvaa na kuvua. Ilipofika zamu ya sinema ya 1982, sare nyingi za zamani zilitiwa rangi mpya na kukatwa upya. Wazo la kutia rangi upya libebe, la viatu liache.

Viatu vya kazi vya mitumba, vilivyopakwa rangi moja na kufunikwa kamba kwa kipande cha ngozi bandia, vinatosha. Gundisha soksi nene au sufu iliyoshindiliwa chini ya soli kwa matukio ya mazungumzo, vinginevyo sakafu ya mbao ya seti yako itasikika kuwa ya mbao.

Hatua ya 10. Chakaza

Sare mpya inaonekana ni ya kukodi. Anza baada ya marekebisho yote kumalizika, kamwe si kabla. Fua mara tatu. Sugua kwa msasa namba 100 kwenye kingo za mifuko, kola na mwisho wa mikono. Kisha changanya rangi ya akriliki ya kahawia na maji, sehemu 1 kwa 10, nyunyiza kwa chupa ya kunyunyizia ukiwa mbali mita moja, na ufute haraka kwa kitambaa kikavu.

Chakaza kwa kazi ya mtu. Mhandisi anachakaa magotini na kwenye vifundo vya mikono, rubani anachakaa viwiko na makalio, daktari ana madoa ya mbele tu. Ukichakaza wote sawa, umewafanya watu wanne waliogaragazwa kwenye shimo moja.

Helmeti, kama huwezi kuikwepa

Hapa ni suala la usalama. Kwenye Alien (1979), filamu ya kutisha ya angani, suti za kutembelea nje zilikuwa nzito, zimefunikwa nailoni ndani, bila njia nzuri ya hewa, na waigizaji walikaribia kuzimia. Filamu hiyo hiyo ilivalisha watoto suti ndogo ili seti ionekane kubwa, hila nzuri ya bei rahisi, lakini mtoto huchemka upesi kuliko mtu mzima.

Weka matundu mawili ya sm 4, moja chini ya kidevu na moja kisogoni, na feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 inayoendeshwa na pawabanki, ikitoa hewa kisogoni. Izime pale tu mazungumzo yanaporekodiwa. Kikomo ni dakika 10 helmeti ikiwa kichwani, na mwigizaji awe na ishara moja ya mkono inayomaanisha "nivue sasa hivi". Asiyeweza kuivua mwenyewe kwa mikono yake miwili asivalishwe.

Kioo cha mbele: mara nyingi ni bora kukitoa. Kinaakisi taa, kamera na wewe mwenyewe na daftari lako. Ukikiacha, paka ndani tone la sabuni ya vyombo, ling'arishe kwa kitambaa mpaka lisionekane, na kitachelewa kupata ukungu. Taa ndani ya helmeti zinamsaidia mtazamaji kuona uso, ila zinampofusha mvaaji. Weka ngazi na nyaya mbali naye.

Magamba ya kifua na mabega kata kutoka kwa sponji ya mikeka ya mazoezi, mm 10 kwa vipande vikubwa na mm 5 kwa vidogo. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri hadi isishike kidole, ndipo ubandike, na ufanyie kazi mahali penye hewa. Kabla ya rangi, pitisha hewa moto juu yake, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara tatu. Ukiruka hiyo, sponji itakunywa rangi yote na bado itaonekana sponji.

Ikigoma

*Inaonekana ovaroli ya gereji.* Mara nyingi ni kola na mabega. Badilisha kola ya kulala iwe ya kusimama, sm 3.5, yenye gamu, na ongeza paneli ya rangi ya pili begani. Ondoa mfuko mmoja wa kifua. Mifuko miwili inayofanana ndiyo inayoitangaza gereji.

*Zipu inavimba kama wimbi.* Kitambaa kilivutwa wakati wa kushona. Fumua, gandisha ukanda wa gamu wa sm 3 kila upande, shona tena kutoka chini kwenda juu pande zote mbili.

*Koti linapanda akiketi.* Angalia kama mipira ya nyuma imefika mwisho wa kuvutika. Irefushe iwe sm 6. Kama bado, kiuno cha suruali kiko chini mno.

*Jasho linaonekana kwapani na mgongoni.* Fulana ya pamba ndani, mbili kwa siku kwa kila mtu, na pedi za pamba zilizobanwa kwapani. Rangi za kati, kama kijivu cha wastani, ndizo zinazoonyesha jasho zaidi. Nyeupe iliyochovywa chai na bluu ya usiku zinaficha.

*Harufu, na hakuna muda wa kufua.* Vodka kwenye chupa ya kunyunyizia, upande wa ndani, kisha ining'inize penye upepo. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

*Rangi inatofautiana kati ya watu wawili.* Ama majora mawili, ama mmoja kafuliwa zaidi. Zichovye zote pamoja kwenye chai au rangi hafifu ya kijivu, beseni moja, muda mmoja.

*Doa au mkunjo unatokea na kupotea kati ya picha na picha.* Hakuna aliyepiga picha za kumbukumbu. Kila tukio likianza na likiisha, piga mbele, nyuma na ubavu wa kila mwigizaji, na uandike namba ya tukio kwenye karatasi anayoishika. Kama kuna damu au kuungua kwenye hadithi, mhusika huyo anahitaji sare tatu: safi, ya tukio, na ya kurudia tukio likiharibika. Kitambaa cha sare hizo tatu kinunue siku ile ile ya kwanza, jora likiwa bado dukani.